Maswali ya wasomaji: Loda ndogo inapokosa nguvu

Barua nyingi za toleo hili zinafanana kwa jambo moja: mwenye loda ameambiwa pampu imekufa, naye anauliza anunue ya aina gani. Pampu hufa kweli, lakini mara nyingi husingiziwa. Kabla ya kushika spana, jiulize mambo matatu. Udhaifu uko kwenye kila kazi, yaani mikono, baketi na kifaa cha ziada, au uko kwenye kazi moja tu? Unajitokeza oili ya haidroliki, ile inayosukuma silinda, ikiwa baridi, au mpaka ipate moto? Na pampu inalia, au imetulia kama siku zote?

Udhaifu wa kila kazi unakupeleka kwenye tangi, mpira wa kunyonya, pampu na rilifu kuu, ile vali inayoachia presha ikizidi. Udhaifu wa kazi moja unakupeleka kwenye silinda ya kazi hiyo na sehemu yake ya kontroo vali, ile vali ya wenzo inayogawa oili kwa kila silinda. Hapo pampu iache, maana ni moja na inalisha zote.

Majibu haya yanahusu loda ndogo zenye pampu ya gia, ambazo nyingi hufanya kazi kwa presha ya kati ya bar 140 na 210, takriban psi 2,000 hadi 3,000. Namba kamili ya mashine yako imo kwenye kitabu chake, na hiyo ndiyo ya kufuata.

SWALI: Asubuhi loda inafanya kazi vizuri. Baada ya saa moja hivi mikono inapanda kwa kujivuta, na baketi ikijaa kokoto hainyanyuki mpaka nikanyage resi yote. Hata kukunja baketi kumekuwa kwa polepole. Oili imejaa. Fundi anasema ninunue pampu. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie kabla hajapima. Mashine inayofanya vizuri ikiwa baridi na kulegea ikipata moto inavujisha oili ndani kwa ndani. Oili ya daraja la 46 ina uzito wa 46 kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, lakini kwenye nyuzi 100 unabaki kama 7 tu. Upenyo ambao oili nzito ya asubuhi ilishindwa kupita, oili nyepesi ya saa sita inapita bila shida. Upenyo huo unaweza kuwa ndani ya pampu. Unaweza pia kuwa kwenye rilifu ambayo uchafu umeizuia isifunge.

Anza na oili yenyewe. Ipime mikono ikiwa chini na baketi ikiwa bapa ardhini, kwa sababu silinda zilizotoka zinabeba oili nyingi na kipimo cha tangi kinadanganya. Hakikisha ni daraja linaloelekezwa na kitabu. Aliyejazia daraja la 32 mahali pa 46 au 68 amejitengenezea ugonjwa huu kwa mkono wake, na dawa yake ni kubadilisha oili tu.

Kisha tafuta geji ya presha ya hadi bar 400. Ifunge kwenye tundu la kupimia kama lipo, au weka kiungo cha T kwenye mpira unaotoka kwenye pampu. Zima injini kwanza, shusha mikono, chezesha wenzo zote ili kutoa presha iliyobaki, ndipo ufungue. Fanyisha mashine kazi mpaka oili ifike kama nyuzi 50. Kunja baketi mpaka silinda ifike mwisho, shikilia wenzo sekunde tatu hadi tano, usizidishe, na usome geji. Fanya hivyo kwa resi ya chini, kisha kwa resi ya juu. Rudia kwa kupandisha mikono mpaka mwisho.

Sasa soma ulichopata. Presha ikiwa ndogo lakini ni ileile kwa resi ya chini na ya juu, mathalani bar 120 mahali pa 180, rilifu inaachia mapema: imelegea au springi yake imechoka. Presha ikipanda kadiri unavyoongeza resi bila kufika inapotakiwa, kuna mahali oili inatoroka, na pampu inajitahidi kufidia. Ukikuta hali hiyo kwenye baketi peke yake, tazama silinda ya baketi. Ukiikuta kwenye kazi zote, imebaki pampu au rilifu isiyofunga. Maelezo yako kwamba resi ikizidi mzigo unanyanyuka yanaelekea huku.

Rilifu ndiyo rahisi, ianze hiyo. Hesabu mizunguko ya skrubu yake wakati wa kufungua ili uirudishe palepale. Toa springi na koni, osha kwa dizeli safi, na ukague kikalio, yaani mahali koni inapokaa ikifunga, kwa tochi. Mkwaruzo mdogo kama unywele unatosha kuipoteza presha. Usiikaze skrubu bila geji kuwa imefungwa. Wanaokaza kwa kubahatisha huona nguvu imerudi, kumbe wamevuka kiwango: mipira inapasuka, nyumba ya pampu inapata ufa, na mashine inaweza kunyanyua mzigo mzito kuliko uzito unaoizuia isipinduke.

Rilifu ikiwa safi na geji haijabadilika, pima mtiririko kwa saa ya mkononi. Tuseme silinda mbili za mikono zina kipenyo cha ndani cha milimita 60 na mwendo wa milimita 600. Kila moja inameza lita 1.7, jumla lita 3.4. Pampu ya lita 36 kwa dakika inatoa lita 0.6 kwa sekunde, kwa hiyo baketi tupu inatakiwa ifike juu kwa sekunde 6 hivi kwenye resi kamili. Fanya hesabu hiyo kwa vipimo vyako. Ikiwa baridi inachukua sekunde 6 na ikiwa moto inachukua 10, kama asilimia 40 ya oili haifiki kwenye silinda. Mwenye mita ya mtiririko apime bila mzigo, kisha kwa presha ya kazi. Pampu nzima hupoteza kidogo. Inayopoteza zaidi ya robo imelika, na hapo ndipo fundi wako atakuwa na haki ya kusema uinunue.

SWALI: Nikizima injini na mikono ikiwa juu, inashuka yenyewe taratibu. Ndani ya dakika kumi imeshuka karibu nusu. Nimebadilisha sili za pistoni kwenye silinda zote mbili na bado inashuka. Sili nilizonunua ni mbovu?

JIBU: Huenda sili zako ni nzima na hata za zamani zilikuwa nzima. Kosa hili wanalifanya mafundi wengi wazuri, kwa hiyo tulieleze taratibu.

Silinda ya mikono inasukumwa na mzigo: uzito unairudisha fimbo ndani. Ili fimbo iingie, upande wa chini wa pistoni utoe oili nyingi kuliko ile inayoweza kupokelewa upande wa juu, kwa sababu upande wa juu fimbo imekula nafasi. Kwa hiyo hata sili ya pistoni ikivuja sana, oili ya ziada haina pa kwenda kama kontroo vali imefunga mipira yote miwili sawasawa. Kinachotokea ni presha kupanda pande zote mbili. Kwenye silinda ya milimita 60 yenye fimbo ya milimita 35, bar 50 zinaweza kufika karibu 150, lakini mikono inabaki juu. Ili ishuke, lazima oili itoke kwenye silinda kabisa, na mlango wake mkubwa ni spuli ya kontroo vali, ile fimbo inayoteleza ndani ya vali kufungua na kufunga njia za oili.

Silinda inayovutwa na mzigo ni habari nyingine. Kwenye loda nyingi ndogo silinda ya baketi hukunja kwa kuingia, kwa hiyo mzigo wa baketi unaivuta fimbo itoke. Hapo sili ya pistoni ikivuja, oili inahamia upande wa pili ambako nafasi inaongezeka, na baketi inamwaga yenyewe hata kama vali ni nzima.

Kabla ya kufungua chochote kwenye vali, angalia kama spuli inarudi katikati. Waya uliokazwa vibaya, fimbo ya wenzo iliyopinda au springi ya kurudisha iliyochoka huiacha spuli imefunguka kwa milimita moja, na hiyo inatosha kushusha mikono. Chomoa kiungo cha wenzo kwenye spuli na uone kama spuli inajisogeza. Ikijisogeza, umepata tatizo bila gharama. Kama silinda zako zina vali ya kushikilia mzigo, nayo isafishe sasa.

Ukikosa hapo, weka koki ya kuhimili presha ya mashine kwenye mpira unaolisha upande wa chini wa silinda, kabla haujagawanyika kwenda silinda mbili. Nyanyua mikono na baketi tupu hadi kimo cha goti. Weka magogo imara chini ya mikono yakiacha nafasi ya vidole vinne. Zima injini, funga koki, weka alama ya utepe kwenye fimbo na usubiri dakika kumi. Mikono ikitulia, anayevujisha ni spuli. Ikiendelea kushuka, silinda mojawapo inapitisha oili kwenye pistoni, na ile ya ziada inatorokea kwenye vali kupitia mpira wa juu. Usiingie chini ya mikono wakati wowote wa jaribio hili, na koki itolewe ukimaliza.

Spuli husagwa pamoja na nyumba yake, kwa hiyo haibadilishwi peke yake. Oringi za nchani mwa spuli huzuia oili kuvuja nje. Haziponyi kushuka kwa mikono. Sehemu hiyo ya vali hubadilishwa nzima. Kushuka kidogo kunaruhusiwa kwenye loda nyingi, na kitabu hutaja kiasi. Kushuka nusu kwa dakika kumi hakumo.

SWALI: Nikivuta wenzo ili kupandisha mzigo, mikono kwanza inashuka kidogo ndipo ipande. Ni hatari?

JIBU: Inaweza kuwa hatari ukiwa unapakia karibu na watu, kwa hiyo itengeneze. Ndani ya kontroo vali kuna vali ndogo ya kuzuia oili ya silinda isirudi nyuma mpaka presha ya pampu iizidi ile ya mzigo. Ikiwa na takataka au springi yake imekatika, spuli inapofunguka mzigo unaisukuma oili nyuma kwa muda mfupi. Utaona inazidi kwa resi ya chini. Shusha mikono, toa presha, fungua kifuniko chake juu ya sehemu ya mikono, safisha koni na springi, badilisha oringi, kisha rudisha. Koni yenye mduara wa mkwaruzo ibadilishwe.

SWALI: Pampu inalia kama inasaga changarawe na oili ya tangi imekuwa nyeupe kama maziwa. Nimeongeza oili lakini haikusaidia.

JIBU: Weupe wa oili unaletwa na hewa au na maji, na tiba zake ni tofauti. Chota oili kwenye chupa ya kioo na uiache saa moja au mbili. Ikianza kung'aa kutokea chini na povu likapanda juu, ni hewa. Ikibaki nyeupe mpaka kesho, ni maji. Kwa uhakika zaidi, dondosha tone moja kwenye bati lililopashwa moto zaidi ya kiwango cha maji kuchemka: oili yenye maji itapasuka na kurukaruka, kwa hiyo simama mbali na uvae miwani.

Hewa karibu kila mara huingia upande wa kunyonya, kati ya tangi na pampu. Huko hakuna presha ya kuisukuma oili nje, kwa hiyo hutaona tone hata moja chini, na wengi hudanganyika hapo. Washa injini kwa resi ya chini, paka grisi nzito kiungo kimoja baada ya kingine na usikilize. Sauti ikibadilika ghafla, kiungo hicho ndicho. Vibanio vya mpira wa kunyonya ndivyo vya kwanza kushukiwa. Sili ya shafti ya pampu ni ya pili. Tazama pia kama bomba la kurudisha linamwaga oili kutoka juu ya usawa wa oili ndani ya tangi na kutengeneza povu.

Kelele ya aina nyingine, mlio mwembamba wa mfululizo unaopanda na resi huku oili ikiwa safi, ni ya pampu inayokosa oili ya kutosha. Sababu ni chujio la ndani ya tangi lililoziba, pumulio la tangi (tundu la kupitisha hewa) lililojaa vumbi, oili nzito mno kwa hali ya baridi, au mpira wa kunyonya unaojikunja. Jaribu kulegeza kifuniko cha tangi: kelele ikipungua, pumulio limeziba. Mpira wa kunyonya uwe ule wenye waya wa kuuzuia usibonyee. Mpira wa kawaida ukipata joto hunyonywa ukawa bapa, na ukizima mashine unarudi kuwa mviringo, kwa hiyo ukiukagua mashine ikiwa imezimwa huoni kitu.

Ukikuta ni maji, mwaga oili yote ikiwa na moto, pamoja na iliyomo kwenye silinda, badilisha filta, na utafute mlango wa maji: kifuniko, pumulio, au kuosha mashine kwa maji ya presha yakielekezwa kwenye fimbo za silinda.

SWALI: Nimebadilisha sili ya fimbo ya silinda ya baketi mara tatu. Kila mara inavuja tena baada ya siku chache. Natumia sili halisi.

JIBU: Sili inayorudia kuvuja upesi hivyo inauawa na kitu kingine. Pitisha ukucha kwenye fimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, na uizungushe uguse pande zote. Ukucha ukikwama mahali, hapo pana mchubuko au tundu la kutu, na kila fimbo inapopita inaikata sili. Kitundu kidogo kimoja husuguliwa kwa jiwe laini la mafuta mpaka kingo zisishike ukucha. Vingi vikiwepo, fimbo ipakwe kromu upya au ibadilishwe.

Halafu ilaze fimbo kwenye meza iliyonyooka na uibiringishe ukitazama mwanga chini yake. Fimbo iliyopinda husukuma sili upande mmoja. Utaona alama ya kusuguliwa upande huohuo wa bushi ya kichwa cha silinda. Bushi ikipwaya, sili hubeba uzito usio wake, na sili mpya haitadumu mpaka bushi ibadilishwe. Kagua na pini za baketi: pini iliyolika huielekeza silinda pembeni kila inaposukuma.

Ikiwa vyote ni vizima, tazama namna ya kufunga. Mdomo wa sili hutazama kwenye presha, yaani ndani ya silinda. Mdomo wa kifuta vumbi hutazama nje. Ukigeuza kimoja, kitavuja siku ya kwanza. Kingo za mifereji na nyuzi za silinda ndizo zinazokwangua sili wakati wa kuingiza, na mkwaruzo wake hauonekani kwa macho. Funika nyuzi kwa karatasi ngumu ya plastiki, paka oili safi, na usitumie bisibisi yenye ncha kali. Sili ngumu ilainishwe kwenye maji ya moto kabla ya kuivuta. Nati ya pistoni ikazwe kwa kipimo cha kitabu na gundi ya nyuzi, kwa sababu ikilegea pistoni itaharibu silinda nzima. Na usitoe pistoni kwa upepo wa kompresa. Inatoka kama risasi na imevunja mikono ya watu.

SWALI: Oili ya haidroliki inapungua lakini hakuna inapovuja nje. Ajabu, oili ya injini inaongezeka.

JIBU: Zima mashine na usiitumie tena mpaka itengenezwe. Pampu yako inazungushwa na gia za injini, na sili ya shafti yake imekufa, kwa hiyo oili ya haidroliki inaingia kwenye injini. Ikichanganyika, oili ya injini hupoteza uwezo wake wa kulinda beringi, na injini ni ghali kuliko pampu mara nyingi. Toa pampu, badilisha sili, na ukague shafti mahali sili inapokaa. Mfereji ukihisiwa na ukucha, sili mpya haitazuia. Shafti ikitikisika kushoto na kulia, bushi za pampu zimekwisha na sili ilikuwa mhanga tu. Mwaga oili ya injini pamoja na filta yake kabla ya kuwasha.

SWALI: Mpira wa presha unapasuka palepale, karibu na kichwa chake. Nimeshabadilisha miwili.

JIBU: Mpira unaopasuka nyuma ya kichwa umekunjwa mapema mno. Presha ikiingia, mpira hubadilika urefu: unaweza kufupika hadi asilimia 4. Uliofungwa ukiwa umenyooka kabisa hujivuta kwenye kichwa kila wenzo unapoguswa. Agiza mrefu kidogo, acha sehemu iliyonyooka kabla ya pindo la kwanza, na utumie kichwa cha pembe kama nafasi ni finyu. Mpira wa nusu inchi wa waya mbili haupaswi kukunjwa kwa nusu kipenyo chini ya milimita 180.

Angalia pia aina yake. Wa nusu inchi wa waya moja, 1SN, ni wa bar 160. Wa waya mbili, 2SN, ni wa bar 275. Kwa nje wanafanana, maandishi ya ubavuni ndiyo yanayowatofautisha. Kwenye loda ya bar 200 ule wa kwanza hautadumu. Na wakati wa kufunga, hakikisha mstari wa maandishi umenyooka. Ukionekana unazunguka, mpira umesokotwa.

Kuna jambo tunalisisitiza kuliko yote kwenye ukurasa huu. Usitafute tundu kwa kupapasa mpira. Oili inayotoka kwenye kitundu cha presha hupenya ngozi, hata ya aliyevaa glavu, na inaacha alama ndogo kama ya sindano isiyouma sana mwanzoni. Tumia kipande cha boksi gumu kilichoshikwa kwa mti mrefu. Aliyepenywa apelekwe hospitali saa ileile na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya presha imeingia mwilini. Kusubiri mpaka kesho kumewapotezea watu vidole na hata mkono.

SWALI: Nikitumia kifaa cha kutoboa mashimo oili inapata moto sana, lakini nikipakia mchanga hakuna shida. Wenzo wa kifaa nimeufunga ubaki wazi muda wote.

JIBU: Kifaa kikikwama huku wenzo umefungwa wazi, oili yote inapita kwenye rilifu na nguvu yake yote inageuka joto. Hesabu yake ni bar mara lita kwa dakika, gawanya kwa 600. Bar 200 na lita 40 ni zaidi ya kilowati 13, sawa na pasi nyingi za umeme zilizotumbukizwa kwenye tangi. Rudisha wenzo kila kinapokwama. Hakikisha koplingi za kifaa zimeingia mpaka mwisho, kwani zilizoingia nusu hubana oili na kuipasha moto vilevile. Osha mapezi ya kipoozeo upande wa ndani, ambako majani hujificha. Oili ikizidi nyuzi 80, simamisha kazi.

SWALI: Pampu mpya imedumu miezi miwili tu. Muuzaji anasema si kosa lake. Nifanyeje kabla ya kufunga nyingine?

JIBU: Kata filta ya zamani kwa kifungua kopo, si kwa mashine ya kusagia inayomwaga vyuma ndani. Kunjua karatasi yake juu ya kitambaa cheupe. Chembe za njano ni shaba ya bamba za pembeni za pampu. Za fedha nyepesi zisizoshikwa na sumaku ni aluminiamu ya nyumba ya pampu iliyoliwa na gia. Zinazoshikwa na sumaku ni chuma cha gia, shafti au silinda. Vipande vyeusi laini ni mipira na sili.

Ukikuta shaba na aluminiamu, huenda ni za pampu ya kwanza, zilizobaki kwenye mipira na silinda na kuiua ya pili. Kubadilisha oili ya tangi peke yake hakuziondoi. Fungua tangi, lifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, toa chujio la kunyonya, ondoa mipira uipige kwa oili safi, na umwage oili ya kila silinda pande zote mbili. Oili mpya ipitishe kwenye chujio wakati wa kumimina, maana hata ya pipa jipya si safi kwa kiwango cha pampu.

Jaza pampu oili kupitia mlango wa kunyonya na uizungushe kwa mkono kabla ya kuunganisha. Pampu iliyowashwa ikiwa kavu huharibika ndani ya sekunde chache za kwanza. Washa kwa resi ya chini, usiguse wenzo kwa dakika mbili, kisha nyoosha na kunja kila silinda polepole bila mzigo mara tano au sita huku ukiongeza oili, silinda zikiwa zimeingia. Usipande resi mpaka mlio uwe laini. Badilisha filta baada ya saa 10 za kazi, ikate, itazame, kisha badilisha tena kwenye saa 50. Ya pili ikitoka safi, rudi kwenye ratiba ya kitabu.